Senema Niliyoikumbuka Katika Njia ya Meru

Nilikwenda Meru kwa arusi, na siku ya tatu ya arusi nikajikuta Embu kwa jambo lisilokuwa la furaha. Dada yangu ameolewa Meru, katika jamaa za Kiislamu walioingia huko na biashara tangu siku za babu zao. Asubuhi hiyo shemeji yangu alipigiwa simu kutoka chuo kimoja cha Embu, akaambiwa aje amchukue bintiye pamoja na vitu vyake vyote. Sababu hakuelezwa. Akaniita pembeni, mbali na wageni, akasema, "Shemeji, tufuatane. Peke yangu siwezi."

Tulipofika tulipewa viti. Mama aliyekaa nyuma ya meza alizunguka kwa maneno mengi kabla ya kulifikia lenyewe, nalo lilikuwa hili: mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 20, ana mapenzi na msichana mwenziwe wa bweni lile lile. Mwenzao mmoja aliichukua simu yake alipokuwa akioga, akasoma alichoandika na alichoandikiwa, kisha akawapitishia wengine. Wasichana wa bweni wakafanya mkutano, wakasema hawalali naye chumba kimoja. Nikauliza, kwa adabu, ni nani aliyeona jambo kwa macho yake. Mama yule akanijibu, "Mzee, wote wanajua." Shemeji akatia sahihi. Binti tulimkuta nje, amekalia godoro lililofungwa kamba, na sanduku mbele yake.

Njia ya kutoka Embu hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikishuka mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya na kupanda tena, na teremko la daraja la Nithi huwanyamazisha abiria wote hata kama walikuwa wakizungumza. Sisi hatukuwa tukizungumza. Chuka shemeji alinunua ndizi, akampa bintiye bila ya kumtazama usoni, na binti akazipakata mpaka Meru. Hakula hata moja. Hapo ndipo nilipoikumbuka senema iitwayo Rafiki, nikaona nimekuwa mwoga miaka yote hii kwa kutoiandika katika ukurasa huu.

Filamu hiyo imetengenezwa na Wanuri Kahiu, mtu wa Nairobi, na ilitoka mwaka 2018. Kisa chake amekitoa katika hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni mti ule ule sisi tunaouita mzambarau. Wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi, Kena na Ziki, wanapendana, na baba zao wanagombea kiti kimoja cha uchaguzi. Kena anacheza mpira na wavulana, anasaidia dukani kwa babake, anataka kuwa muuguzi. Ziki ndiye anayemwuliza kwa nini asiwe daktari. Yuko na mwanamke mwenye kibanda cha chakula, Mama Atim, ambaye hapiti mtu asimwone, na anachokiona hakilali kwake. Nani kati yetu hakukua karibu na Mama Atim?

Uzuri wa filamu hii ni kwamba mtengenezaji amewatazama watu wake kwa subira. Rangi za mtaa zimejaa, nguo zimeanikwa, watoto wanakimbia, na mapenzi yenyewe yameonyeshwa kwa macho na mikono zaidi ya kitu chochote. Anayeingia kwa kutaka kuona uchi atatoka akijutia pesa za tikiti. Samantha Mugatsia, aliyecheza Kena, hakuwa na filamu nyingine kabla ya hiyo, na mwaka 2019 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO kule Ouagadougou. Alistahili. Ana namna ya kunyamaza ambayo siku ile, katika gari la Meru, niliiona kwa mpwa wangu.

Kasoro zipo. Habari za uchaguzi zimetajwa kisha zikaachwa zinaning'inia, na mhubiri wa kanisa amechorwa mwepesi mno, kama kwamba hakuna mtu wa dini aliyewahi kukesha akifikiri. Lakini mambo yanayofuata baada ya wasichana kugunduliwa yamesemwa kwa kweli tupu. Mtaa unawajia kwa mapigo. Polisi wanawafanyia mzaha. Kena anapelekwa kuombewa apungwe pepo. Baba wa Ziki anaamua bintiye asafirishwe London. Naye baba wa Kena, ambaye kura zake zinapotea mbele ya macho yake, anakataa kumbebesha mwanawe lawama. Mwisho sitausimulia. Nitasema tu kwamba Kahiu alieleza kuwa wakubwa wa filamu walitaka mwisho huo ubadilishwe uwe wa majuto, naye akakataa.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwezi wa Aprili 2018, wiki chache kabla haijaonyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha hilo. Mwezi wa Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku kwa siku saba, ionyeshwe kwa watu wazima, ili ipate nafasi ya kushindania tuzo ya Oscar. Siku hizo nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu. Watu walijaa katika senema ya Prestige, na mimi nilipata kiti cha pembeni kabisa, baina ya mama mtu mzima na kijana aliyekuwa akilia bila ya kificho. Mwaka 2020 Jaji James Makau alikataa kuiondoa marufuku, na kesi ikapanda kwenye rufani. Kabla ya hapo, mwaka 2014, ilipigwa marufuku pia Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na wenziwe wa Nest, filamu ya visa vitano vifupi, nyeusi na nyeupe, iliyotokana na masimulizi waliyoyakusanya kwa Wakenya wa namna hiyo. Berlin waliipa tuzo mwaka 2015. Kwa utulivu wa picha naipenda hata kuliko Rafiki, ijapokuwa visa viwili kati ya vile vinakwisha kabla mtu hajawazoea watu wake.

Mjini Embu mzee mmoja alinichekesha katika mkahawa tulimosubiri gari. Alipojua natoka Mombasa alisema sisi wa Pwani ni hodari wa kupiga marufuku: mwezi wa Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka wao, na ikabidi wakimbilie Mahakama Kuu ya pale pale Embu kuisimamisha amri hiyo. Mimi sili muguka, na vijana wetu waliooza meno na kukosa usingizi nawajua kwa majina. Lakini nilimjibu mzee kwamba muguka angalau walioukataza waliuona unavyotafunwa. Filamu hii wengi walioilaani hawakuitazama hata dakika kumi.

Najua nani wananisoma. Wako watakaoniuliza, wewe uliyesoma Kurani, unatuelekezaje kwenye filamu ya wasagaji? Neno hilo lenyewe ni la Kiswahili tangu zamani, na mji usiokuwa na jambo hauhitaji neno la kuliitia. Lakini nijibu kwa uwazi. Mimi si mufti. Hukumu ya jambo hili katika fikihi wameiandika wenye elimu, wala kalamu ya mshairi haiifuti. Ila chuoni kwa maalim wangu sikufundishwa hukumu moja tu. Nilifundishwa Surat Nur, inayotaka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi, na kumwekea mtuhumu asiyekuwa nao bakora themanini na kumkatalia ushahidi wake. Nilifundishwa Surat Hujurat, inayokataza dhana, upelelezi na kusengenyana. Maalim alituhifadhisha hiyo kwa henzirani, kwa sababu sisi watoto wa mtaa ule tulikuwa mabingwa wa kuchungulia. Katika ofisi ile ya Embu nilimwona binti aliyepelelezwa, akadhaniwa, akasengenywa na bweni zima, na watu wenye dini zao, Wakristo na Waislamu, hawakuona kwamba wamefanya lolote. Rafiki inaonyesha jambo hili kwa ufasaha kuliko hotuba nyingi nilizosikia, zangu zikiwemo.

Na habari ya kwamba filamu hufundisha watu kutenda, sisi tuliokua na senema za Naaz na Regal tuiseme polepole. Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 tuliitazama mara ngapi? Tulimlilia Anarkali, mchezaji wa baraza la mfalme, kwa kumpenda mwana wa mfalme kinyume cha amri ya babake. Mama zetu walitoka wakijifuta machozi kwa ncha za leso, na hakuna aliyesema kwamba senema ile inawafunza watoto kuwaasi wazazi.

Kwa wapenzi wa picha za Kihindi iko Fire ya Deepa Mehta, ya mwaka 1996. Shabana Azmi na Nandita Das ni wake wa ndugu wawili katika nyumba moja ya Delhi. Mmoja mumewe amejitenga naye kwa ajili ya ibada, mwingine mumewe ana mwanamke wa nje. Mapenzi ya wanawake hawa yanaanzia jikoni na katika kufunga saumu, na jinsi Shabana Azmi anavyokaa kimya mbele ya mume wake ni somo kwa kila mchezaji. Ilipoonyeshwa India mwaka 1998, wafuasi wa Shiv Sena walivunja vioo vya senema Mumbai. Kiongozi wao Bal Thackeray alikuwa tayari kuiachia kwa sharti moja: majina ya Kihindu ya wanawake wale yabadilishwe yawe ya Kiislamu. Tulikumbuke hilo tunaposema jambo hili ni la watu wengine, maana kule lilikuwa letu. Na kabla ya filamu hiyo kuzaliwa, mwaka 1942, Ismat Chughtai, mwanamke wa Kiislamu, aliandika kwa Kiurdu hadithi yake "Lihaaf" yenye maudhui ya namna hiyo. Alishitakiwa Lahore kwa uchafu wa maandishi, na mashahidi wakashindwa kuonyesha ni neno gani lililokuwa chafu. Akaachiliwa.

Za Ulaya na Marekani ni nyingi, na nyingine hazifai. Ile ya Kifaransa ya mwaka 2013 iliyopata tuzo kubwa Cannes, Blue Is the Warmest Colour, siipendekezi. Imekaa juu ya miili mpaka mtu anasahau kwamba miili ile ina wenyewe, na hata mwandishi wa kitabu cha picha kilichotolewa humo alizilalamikia sehemu hizo. Badala yake tafuteni Portrait of a Lady on Fire ya Céline Sciamma, ya mwaka 2019: mchoraji wa kike anaitwa amchore msichana asiyetaka kuolewa, na amchore kwa siri. Sisi watu wa taarabu itatushangaza, kwa kuwa karibu filamu nzima haina muziki. Unasikia moto, bahari na nyayo. Muziki unapokuja mara chache zile, unamshika mtu kifuani. Carol ya Todd Haynes, ya mwaka 2015, nayo ni nzuri, ingawa ni baridi kidogo kwangu. Mama anayetishwa kunyang'anywa mtoto wake ndiye atakayewagusa wasomaji wa kike. Zote ni za watu wazima. Zitazameni kwa njia ya halali, na msiwawekee watoto.

Tulipofika Meru arusi ilikuwa imekwisha, na dada yangu alikuwa akiosha masufuria makubwa ya kuazima pamoja na wakwe. Alimwona binti na godoro, akaacha masufuria. Hakuuliza kitu mbele ya watu. Usiku, wageni walipoondoka, alinijia barazani na kuniuliza mkubwa wa chuo kasema nini, nami nikamweleza yote. Kisha, kwa kuwa sikuwa na nasaha nyingine, nikamsimulia Rafiki tangu mwanzo, pamoja na mwisho ambao nyinyi nimewaficha. Alinisikiliza huku akivunjavunja kijiti mkononi.

"Na yule baba yake," akauliza, "alimwambia nini mtoto?"

Nikamweleza. Shemeji alikuwa amelala kwenye mkeka kando yetu, ameupa ukuta uso, na sote tulidhani amekwisha pitiwa na usingizi. Akasema bila ya kugeuka, "Na kura je, alizikosa?"

Nikamwambia alizikosa. Hakusema tena. Baada ya muda aliinuka, akaingia ndani, tukamsikia akigonga mlango wa chumba cha bintiye na kumwuliza kama zile ndizi amekula.