Jiko banifu lisilotunzwa ni mafiga tu



Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu majiko banifu ya kuni huku vijijini.

Kwa miaka mingi tumehimizwa kuachana na mafiga matatu. Wataalamu wamekuja, semina zimefanyika, majiko ya udongo yamejengwa na picha zimepigwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba ukirudi katika nyumba nyingi baada ya mwaka mmoja utakuta jiko limepasuka, tundu la hewa limejaa majivu na mama amerudia mafiga yake. Hapo husemwa kwamba wanakijiji hawapendi maendeleo. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Kosa ni kudhani kwamba jiko likishajengwa kazi imekwisha.

Sisi wa Ngara na Biharamulo hatuhitaji kuhadithiwa thamani ya kuni. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Watu wale walilazimika kupika kama binadamu yeyote. Wengi wao waliporejea kwao Desemba 1996, vilima vingi kuzunguka makambi vilikuwa vimebaki vipara. Funzo lake ni kwamba msitu unaweza kumalizwa na vyungu vya maharage tu, bila hata kiwanda kimoja.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono kwa dhati. Lakini mpaka gesi ifike kila kitongoji kwa bei ambayo mkulima anaimudu, kuni zitaendelea kuwaka. Basi tuzichome kwa akili.

Kwanza, kuni zenyewe. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto hupoteza nguvu kuyakausha maji hayo, na nyumba hujaa moshi. Kuni zichanjwe nyembamba, zipangwe mahali penye upepo pasiponyeshewa, na zikae miezi sita hivi kabla ya kutumiwa.

Pili, hewa. Hata mtoto wa shule anajua kwamba moto hauwaki bila hewa. Majivu yazolewe kila asubuhi jiko likiwa limepoa, na mdomo wa jiko usishindiliwe kuni.

Tatu, nyufa. Ufa mdogo uzibwe mapema kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, kama jiko lina bomba la moshi, masizi yakwanguliwe mara kwa mara. Bomba likiziba, moshi wote hurudi ndani. Tena maharage yalowekwe tangu usiku na sufuria ifunikwe, yataiva upesi kwa kuni chache.

Je, ni nani wa kufanya kazi hizi? Hapa ndipo penye tatizo. Kina baba wengi huona jiko ni mambo ya wanawake. Mama alime, achote maji, atafute kuni, kisha akande udongo wa kuziba nyufa! Kuni zikipungua, anayetumwa porini ni mtoto, hasa wa kike. Sisi walimu tunamwona akifika shuleni amechelewa na amechoka, na siku nyingine hafiki kabisa. Moshi nao haubagui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kwamba karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Mtoto huyo ni wa baba pia.

Kwa hiyo natoa wito. Kina baba washike shoka, wachanje na kuanika kuni kabla ya masika. Serikali za vijiji zihakikishe kila kitongoji kina fundi mmoja wa majiko, mkazi wa hapo hapo, atakayepita nyumba kwa nyumba kuangalia nyufa na mabomba. Na wenye miradi wasitosheke kuhesabu majiko waliyojenga. Warudi baada ya mwaka mmoja wahesabu yanayowaka. Hesabu hiyo ya pili ndiyo itakayotuambia ukweli.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyamahanga,
Kagera.