Mizani ya Pwani na Ngoma ya Nyasa

Wako wahakiki ambao, wapatapo shairi la mtu wa Mbinga au Mbamba Bay, huhesabu mizani, hutazama vina, kisha hufunga kitabu. Ikipungua mizani moja, mtungaji huitwa mgeni wa lugha. Wengine, kwa huruma, husema kuwa kwa mtu wa bara amejitahidi. Sifa hiyo naichukia kuliko lawama.

Sheria wanazozishika ziliandikwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, naye alikuwa mzaliwa wa Ujiji, ukingoni mwa ziwa jingine. Shaaban Robert alikuwa wa asili ya Kiyao. Mnyampala alikuwa Mgogo. Basi mwenye nyumba awakaribishaye wageni ni nani?

Na waende Liuli au Lituhi wakasikilize mganda. Wanaume hujipanga safu kama askari, maana ngoma hiyo iliiga gwaride la wakoloni, na ngoma kubwa ndiyo ishikayo mwendo. Mwimbaji akinyamaza, hakusahau neno. Ameiachia ngoma nafasi yake. Mtu aliyelelewa na mwendo huo, aandikapo Kiswahili, huacha pumzi papo hapo. Mhakiki asiyeijua ngoma huona pengo tu.

Wala sidai kwamba kila shairi la ziwani ni zuri. Mengi ni mabovu, na baadhi ya hayo nimeyatunga mimi. Lakini ubovu wake na utajwe na mtu aliyelisikia.