Kabla ya kutafsiri "joint tournant"

Muhula uliopita, katika zoezi la tafsiri, kikundi chetu kilipewa ukurasa mmoja wa mwongozo wa mafundi wa rada. Kifaransa kilisema joint tournant. Tukaandika "kiungo kinachozunguka", tukasonga mbele. Kikundi jirani kiliandika "raba inayozunguka", maana kwa mafundi magari wa mtaani kwetu joint ni ile raba ya kuzuia mafuta yasivuje. Tuliwacheka sana. Leo naona tulikosea sote, na sisi tuliocheka labda zaidi.

Antena ya rada ya kiwanja cha ndege huzunguka mara kama 12 kwa dakika. Katika rada za zamani, mtambo wa kutoa mawimbi ulikaa chini chumbani, na mawimbi yakapanda hadi kwenye antena kupitia bomba la chuma. Joto lilibaki chini. Rada nyingi za kisasa zimepandisha vikuza mawimbi ndani ya antena yenyewe, mamia au maelfu, na sehemu kubwa ya umeme vinaokula hugeuka joto. Joto lisipoondolewa, vinaharibika. Pale ambapo hewa haitoshi, hupitishwa maji yaliyochanganywa na glikoli. Lakini pampu na kipoza viko chini, vimetulia. Antena iko juu, inazunguka. Ukiviunganisha kwa mpira wa kawaida utajisokota na kukatika mara moja.

Hapo ndipo chombo chetu kinapoingia. Kina nusu mbili: moja imefungwa kwenye msingi na haiendi popote, nyingine inazunguka pamoja na antena. Kati yao mna njia za duara, moja ya kupandisha maji baridi na moja ya kurudisha yaliyopata moto. Kinachozuia maji yasitoroke ni vizibo vinavyosuguliwa bila kupumzika: kwa mizunguko 12 kwa dakika, ni mara 17,280 kwa siku, zaidi ya milioni 6 kwa mwaka. Lazima vichakae. Na mara nyingi kwenye mhimili uleule kuna pete za kupeleka umeme juu. Maji yakizifikia, rada inazimika.

Sasa turudi kwenye daftari letu. "Kiungo kinachozunguka", na nusu yake haizunguki! Fundi akiambiwa akifunge kwenye msingi, ashike upande upi? Tena Kifaransa chaweza kusema tubadilishe les joints du joint tournant, maneno mawili yanayofanana kwa vitu viwili tofauti. Sisi tungeandika "badilisha viungo vya kiungo". Fundi angeng'oa chombo kizima, kumbe kilichotakiwa ni kizibo tu. (Wale wa raba, angalau, walikuwa na kitu kimoja sahihi mkononi.)

Napendekeza kivushio, kutokana na kuvusha: kinachukua maji ng'ambo ya kisichotembea na kuyafikisha ng'ambo ya kinachotembea. Kivushio cha maji, na ndani yake vizibo. Mwalimu wetu mmoja anapinga: fundi, anasema, ataendelea kusema joint tournant. Mdomoni, ndiyo, na akiwa na chombo mbele yake hapotei. Kwenye karatasi hana chombo, ana neno letu tu.

Ninachodai si neno hili hasa; mwenye bora zaidi alilete. Nadai zoezi la tafsiri ya kiufundi lisianze na kamusi. Mimi nilielewa kwa msaada wa mwanafunzi wa politekniki aliyenichorea zile nusu mbili nyuma ya silabasi yangu. Ilimchukua dakika kumi, nasi tulikuwa tumeshapewa alama.