Usisubiri kadi ya bei poa, safari hii mtumba hauji

Nilikuwa kimya kidogo, LUKU na bando viliniishia siku moja, si mnajua tena maisha ya vibarua.

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kwetu alinifuata kafe. Ana laki tatu na nusu aliyoidunduliza tangu amalize kidato cha nne. Anataka kadi ya grafiki aweke kwenye Dell yake ya mtumba, acheze GTA V na mpira. Hela anayo lakini hanunui, wenzake wamemwambia avute subira: "Bei zitaporomoka tu kaka, kama mwaka ule." Najua si yeye peke yake anayesubiri, ndiyo maana naandika.

Mwaka ule wanaousema ni 2022, na ni kweli bei zilianguka. Lakini zilianguka kwa nini? Mwaka 2021 kadi ziliadimika dunia nzima kwa sababu watu walikuwa wanachimba sarafu ya Ethereum kwa kadi zile zile tunazochezea gemu. Nvidia walipotoa RTX 3060 Februari 2021, kwa dola 329, waliifunga makusudi isichimbe vizuri. Mwezi uliofuata wao wenyewe wakatoa draiva iliyofungua ile kufuli, eti kwa bahati mbaya. Tulicheka sana. Basi tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum wakabadili mfumo wao, uchimbaji wa kadi ukafa siku hiyo hiyo. Wachimbaji wakabaki na marundo ya kadi yasiyo na kazi, wakayamwaga sokoni. Sisi tukafaidi mabaki.

Sasa anayetunyang'anya leo ni nani? Ni akili mnemba, hii AI mnayoisikia kila kukicha. Angalia hesabu za Nvidia za mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025: mapato yote dola bilioni 130 na ushee, na kati ya hizo bilioni 115 zimetoka kwenye kompyuta za vituo vikubwa vya data. Gemu imeleta kama bilioni 11. Wewe na laki tatu yako mko kwenye hizo 11, tena pembeni kabisa. Na memori nayo imeingia kwenye vita hiyo. Watengenezaji wakubwa wa memori duniani ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wote wanaielekeza nguvu kule kwenye pesa. Mwisho wa 2025 bei ya RAM ilipaa, na Desemba 2025 Micron wakatangaza kuachana na biashara ya Crucial, yaani ile RAM na SSD ambayo mimi na wewe tunanunua dukani. Kadi ya grafiki nayo inabeba memori ndani yake, kwa hiyo haiponi.

Shikeni hapa wadau, maana ndipo wengi wanapokosea. Mchimbaji wa 2021 alikuwa na RTX 3060. Akishindwa, kadi yake inaingia kwenye kompyuta yako bila shida. Lakini kituo cha AI kina vitu kama H100, ambayo haina hata tundu la kuchomekea kioo! Hata hao jamaa wakifilisika kesho na kumwaga mizigo yao yote jalalani, hutaokota kitu cha kuchezea FIFA. Wakipunguza kununua, labda memori mpya itashuka bei taratibu. Lakini lile wimbi la mtumba la 2022 kwa maoni yangu halirudi.

Tuje kwenye kinachouzwa. Mwaka 2025 Nvidia walitoa RTX 5060 kwa dola 299, hiyo ni zaidi ya laki saba kabla ya usafiri na kodi, na memori yake ni GB 8. Ndugu yake RTX 5060 Ti imetoka ya GB 8 na ya GB 16, jina moja. AMD wamefanya hivyo hivyo kwa RX 9060 XT. Hebu fikiria mtu wa Kariakoo anayekuuzia, atakuambia ni ipi? Usanii huu si mpya. Mwaka 2016 GTX 1060 ya GB 3 ilikuwa imepunguzwa hadi chipu yenyewe, siyo memori tu.

Memori ya kadi ikijaa, gemu inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia sloti ya mazabodi. Kwenye mashine mpya njia hiyo ni pana kiasi. Kwenye mitumba yetu ni nyembamba, hivyo gemu linakwama kama daladala Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kadi ndogo inamuumiza zaidi mwenye mashine ya zamani, na ndiye huyo huyo asiyeweza kununua kubwa.

Intel wana Arc B580, GB 12, walianza kuiuza Desemba 2024 kwa dola 249. Kwa maandishi ni tamu. Ila inahitaji kitu kinaitwa Resizable BAR, na Core i5 ya kizazi cha nne kutoka ofisi za Ulaya kwa kawaida haina. Utaambulia fremu za kusikitisha.

Nilimwambia dogo tufungue kasha kwanza. Tukakuta ni OptiPlex ile nyembamba, pawa saplai wati 240, hakuna waya wa ziada wa umeme. Hapo hadithi ya RX 580 imekwisha, ile inakula wati 185 peke yake. Kinachomfaa ni GTX 1650 fupi ya wati 75, inavuta umeme kwenye sloti. GB 4 tu, lakini GTA V ya kompyuta ilitoka 2015, inaliweza vizuri. Nilimkataza GTX 1050 Ti japo ni rahisi zaidi, kwa sababu Nvidia wamesitisha draiva za gemu mpya kwa familia hiyo Oktoba 2025. Wewe mwenye kasha pana na pawa saplai ya maana, tafuta RX 6600 iliyotumika: GB 8, wati 132.

Na usilipe kabla ya kuiwasha na kufungua GPU-Z. Mimi nililizwa. Duka moja, silitaji, waliniuzia "1050 Ti" mpya kwenye boksi. Windows ilisoma 1050 Ti, kila kitu safi, ila gemu zikawa zinajifunga. Fundi akaweka GPU-Z, ikaandika FAKE mbele ya jina. Ndani kulikuwa na GTX 550 Ti ya 2011, iliyochakachuliwa. Ilikuwa na tundu la VGA la bluu, na 1050 Ti ya kweli haitoi VGA. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu na risiti nilishaikunja.

Dogo tunaenda naye Jumamosi. Kompyuta nzima tunaibeba begani, kadi ijaribiwe pale pale kwenye meza ya muuzaji, akikataa tunahamia duka la pili. Kama kuna mdau kaiona 1650 fupi, si ile ndefu, aseme ni mtaa gani.