Mbegu nyingi si lazima ziwe mbegu nzima

Ndoa ikikaa mwaka mmoja au miwili bila mtoto, safari ya kwanza ya hospitali huwa ya mke. Ataanzia zahanati ya kijijini, aje Hospitali ya Wilaya ya Ikungi, kisha aambiwe aende Singida mjini. Atapigwa picha ya ultrasound, atapimwa damu, atameza vidonge. Akirudi nyumbani atakuta wifi ameshamtafutia mitishamba ya kusafisha kizazi, na mama mkwe anauliza kwa upole ambao si upole. Mume yuko shambani au machimboni akisubiri majibu ya mwenzake.

Ajabu ni kwamba wanaume hawahawa, wakiwa zizini, hawafikiri hivyo. Majike kadhaa wakikaa muda mrefu bila kushika mimba, mfugaji wa Singida humtazama dume kwanza. Nyumbani hesabu hiyo husahaulika, na gharama yake hulipwa na mke: wengine wamerudishwa kwao, wengine wameletewa mke mwenza, na siri ikafichuka pale mke wa pili naye alipokaa bila mimba.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kutopata mimba wakati fulani maishani. Shirika hilo huhesabu kuwa kuna tatizo pale wenza wanaposhiriki tendo la ndoa mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isipatikane. Kama mke ana umri wa miaka 35 au zaidi, madaktari hushauri wasisubiri zaidi ya miezi 6. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanaume ana mchango, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Nguvu ni jambo moja, uzazi ni jingine

Kinachowazuia wanaume wengi kupima ni kuchanganya mambo mawili. Mwanaume akiwa na nguvu za kutosha chumbani, huamini kwamba uzazi wake hauna shaka. Lakini maji yanayotoka ni shahawa, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya shahawa hiyo. Mtu anaweza kuwa na nguvu kamili na asiwe na mbegu hata moja. Kwa macho hakuna awezaye kujua. Ni hadubini tu inayojua.

Kubaya zaidi, wapo wanaokimbilia sindano au vidonge vya homoni ya kiume wakidhani wanaongeza uzazi. Homoni hiyo ikiingizwa kutoka nje, ubongo hupunguza amri kwa korodani, na utengenezaji wa mbegu hushuka au husimama kabisa. Anayetafuta mtoto asiiguse bila daktari.

Kipimo cha kwanza ni rahisi

Kipimo cha shahawa hakina kisu wala sindano. Mwanaume huambiwa akae bila tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7, kisha atoe shahawa zote kwenye kopo safi analopewa na maabara. Asitumie kondomu ya kawaida, sabuni wala mate, kwa sababu vinaweza kudhuru mbegu. Sampuli ikae karibu na joto la mwili na ianze kuchunguzwa ndani ya saa moja. Ndiyo maana anayetoka Mang'onyi au Sepuka asiibebe kwenye basi. Atolee hapohapo kituoni, kwenye chumba cha faragha.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, viwango vya chini vya kulinganishia ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, mbegu milioni 39 kwa jumla, asilimia 42 ziwe zinatembea, na asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida. Namba hizo zilitokana na wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja. Si mpaka kati ya mgumba na asiye mgumba. Aliye chini yake anaweza kupata mtoto, na aliye juu yake anaweza kukosa. Majibu yakiwa mabaya kipimo hurudiwa, maana hata homa kali ya malaria inaweza kushusha mbegu kwa wiki kadhaa.

Kilichomo ndani ya kichwa cha mbegu

Hapa ndipo ndoa nyingine hukwama. Mume amepima, mbegu ni nyingi na zinakimbia. Mke naye amepima, hana tatizo. Mimba haiji, au inakuja na kutoka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lawama humrudia mke, kwa kuwa cheti cha mume ni kizuri.

Lakini kipimo cha kawaida huhesabu mbegu, hutazama mwendo wake na umbo lake. Hakifungui kichwa cha mbegu kuona mzigo uliomo. Mzigo huo ni vinasaba vya baba, yaani DNA, uzi mrefu sana uliokunjwa na kufungashwa kwa ustadi. Uzi huo ukikatikakatika, mbegu bado inaweza kuogelea, kufika kwenye yai na hata kulirutubisha. Mkulima wa alizeti analielewa hili bila shule: gunia linaweza kujaa, punje zikang'aa, lakini ukipanda zisiote zote, au ziote na kufa zikiwa changa.

Mbegu haina uwezo wa kujitengeneza ikishaharibika. Yai la mama ndilo hurekebisha sehemu ya uharibifu huo, na uwezo huo hupungua umri wa mama unavyosogea. Kwa hiyo mbegu zilezile zinaweza kumpa mimba mke mwenye miaka 24 na zikashindwa kwa mwenye miaka 39.

Kipimo cha uharibifu wa vinasaba vya mbegu si cha jana. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Donald Evenson, na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walipasha joto mbegu za wanyama, wakiwemo madume wa ng'ombe, na za binadamu, wakaona kuwa vinasaba vya wenye uzazi hafifu huachana kwa urahisi zaidi. Tangu hapo njia kadhaa zimebuniwa, na majibu hutolewa kwa asilimia ya mbegu zilizoharibika. Kwa njia iliyotokana na kazi ya Evenson, asilimia 30 na kuendelea mara nyingi huhesabiwa kuwa juu. Njia nyingine zina namba zake, hivyo majibu ya maabara mbili yasilinganishwe kama bei za sokoni. Na hata aliye juu ya asilimia 30 hajafungiwa mlango; uwezekano umepungua, haujafutika.

Nani anakihitaji?

Si kila mwanaume. Kipimo hiki si cha kuanzia, na miongozo ya madaktari wa Marekani inasema wazi kisitumike katika uchunguzi wa kwanza. Kinapewa nafasi zaidi pale mimba zinapotoka mara kwa mara, na miongozo ya Ulaya huongeza wale ambao vipimo vya wote wawili ni vizuri lakini mimba haiji. Ambaye hana mbegu kabisa hakimfai. Tatizo lake linatafutwa kwa njia nyingine.

Kwa mkazi wa Ikungi hii ina maana ya fedha. Kipimo hiki hakifanyiki kwenye zahanati wala kituo cha afya. Kabla ya kuuza mbuzi na kupanda basi kwenda Dodoma au Dar es Salaam, anza na kipimo cha kawaida, pata rufaa, kisha piga simu kuuliza kama kituo unachokwenda kinakifanya na kwa bei gani. Na umuulize daktari swali moja: majibu yakitoka mabaya, matibabu yetu yatabadilika vipi? Kama hakuna kitakachobadilika, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Yanayoharibu mbegu

La kwanza ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto. Hupatikana kwa wanaume 15 hivi kati ya 100, na kwa zaidi ya 30 kati ya 100 wenye tatizo la uzazi. Daktari huweza kuigundua kwa mkono, mgonjwa akiwa amesimama. Hutibiwa kwa upasuaji, na baada yake uharibifu wa vinasaba mara nyingi hupungua.

Mengine ni maambukizi ya njia ya uzazi, sigara, unene uliopitiliza, homa kali, umri mkubwa na joto. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili.

Kisha kuna kazi. Ikungi ni wilaya ya alizeti na pia ya dhahabu. Mbali na mgodi mkubwa wa Mang'onyi, wapo wachimbaji wadogo. Kwenye mialo, zebaki hutumika kunasa dhahabu, kisha huchomwa, na moshi wake huvutwa. Zebaki ni sumu ya ubongo na figo, na imehusishwa pia na mbegu dhaifu. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi yake yapunguzwe. Anayetafuta mtoto asichomee dhahabu nyumbani wala jikoni. Moshi huo humdhuru pia mke na mimba iliyomo tumboni.

Dawa za kunyunyizia mashambani nazo si za kuchezea. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko Lathrop, California, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongoni iitwayo DBCP waligundua kwa mazungumzo yao wenyewe kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Laiti kila mmoja angekaa kimya na kumlaumu mkewe, ukweli ungechelewa kujulikana.

Miezi mitatu ya kuanza upya

Habari njema ni kwamba mbegu hazikai mwilini maisha yote. Mbegu moja hutengenezwa kwa siku 74 hivi, ukiongeza na muda wa kukomaa ni kama miezi mitatu. Ni muda unaokaribiana na wa alizeti kutoka kupandwa hadi kuvunwa. Mwanaume akiacha sigara leo, akatibiwa maambukizi, akapunguza uzito, akavaa barakoa na glovu anaponyunyizia dawa, mbegu atakazokuwa nazo baada ya msimu huo si zilezile. Ndiyo maana daktari humwambia arudi kupima baada ya miezi mitatu, si wiki mbili.

Jambo jingine ni la bure. Wapo wanaojizuia wiki nzima au mbili ili kuzikusanya mbegu. Zikikaa muda mrefu, idadi huongezeka lakini uharibifu pia huongezeka. Kukutana kila siku moja au mbili katika siku za mke za kushika mimba ni bora kuliko kuweka akiba.

Kuhusu vidonge vya vitamini vinavyouzwa kwa bei kubwa vikidai kurekebisha mbegu, tahadhari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliwapa wanaume mchanganyiko wa vitamini na madini kwa angalau miezi mitatu, na haukuonyesha kwamba unapunguza uharibifu wa vinasaba vya mbegu kuliko vidonge vitupu. Matunda, mboga na usingizi havidai risiti.

Waende wawili

Njia nyepesi ni mume na mke kwenda hospitali pamoja siku ya kwanza, na mume kupimwa mapema, kwa kuwa kipimo chake ndicho chepesi na cha gharama ndogo. Akikutwa na tatizo, mke ataepuka vipimo vinavyouma ambavyo pengine hakuvihitaji. Akikutwa salama, hakuna alichopoteza.

Wakwe nao wana sehemu yao. Kabla ya kumuuliza mkwe wa kike amekula nini au amerogwa na nani, mama amuulize mwanawe: wewe umeshapima? Swali hilo moja, likiulizwa mapema na bila kejeli, linaweza kuokoa miaka ya dawa zisizo na kazi, na wakati mwingine likaokoa ndoa yenyewe.