Mwandishi wa Mpanda na Mijadala ya Wenzake

Mwandishi wa hadithi aliyeko Mpanda anayefungua simu kila jioni kufuatilia habari na mijadala ya waandishi wenzake hastahili lawama. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka mkoa wake wa Katavi. Miito ya miswada, tangu Tuzo ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014 hadi Tuzo ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mara ya kwanza 2023, husambaa zaidi mtandaoni. Asiyekuwamo huisikia washindi wakishatangazwa. Wapo wanaosema mijadala hiyo hula muda wa kuandika, tena huwafanya wote waandike kwa sauti moja. La muda ni kweli: ubishi wa usiku kucha haujazi ukurasa. La pili silikubali hata kidogo. Anayejua wenzake wa Unguja na Mombasa wameandika nini ndiye anayetambua haraka zaidi kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu, viboko wa mto Katuma, na makazi ya Katumba yaliyopokea wakimbizi wa Burundi miaka ya 1970, ni mambo ambayo yeye anaweza kuyasimulia kwa undani wasioufikia wao.