Usimpe Kijana Pikipiki Bila Pampu

Tajiri anayemkabidhi kijana pikipiki isiyo na pampu wala kiraka, kisha jioni akamdai hesabu kamili, anamdhulumu. Hilo ndilo jina lake, na tulitaje hadharani.

Nendeni njia ya Makongolosi kuelekea Rungwa na Itigi. Ukikiacha kijiji, ni pori tupu, ndorobo wanauma juu ya shati, na fundi pancha wa karibu ni wa kusukumiwa pikipiki saa kadhaa juani. Huko bodaboda ndiyo gari la wagonjwa, la mbegu, la walimu. Mwiba mmoja wa mgunga ukipenya tairi, mgonjwa wa watu yuko chini. Na pale Mikumi, ambapo barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita 50, kusukuma si uchovu tu: kuna simba na tembo.

Nimewaona vijana wakijaza nyasi ndani ya tairi. Wanazing'oa kandokando ya barabara, wanazisokota, wanazishindilia kwa vidole mpaka tairi lishike umbo, kisha wanaondoka polepole, pikipiki ikiyumba. Watu husifu: vijana wetu wabunifu! Mimi nakasirika. Kijana ametia nyasi kwa sababu mwenye chombo hakutia pampu. Wengine huendesha hivyohivyo bila upepo; tyubu inajikunja, inachanika mdomoni, rimu inapinda, na gharama yote anakatwa dereva.

Ilhali vinavyohitajika vinaenea kwenye kimfuko cha kufungwa nyuma ya kiti: vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana ya ekseli, tyubu ya akiba, viraka, gundi, msasa na pampu ya mkono. Kazi yenyewe inafundishika. Kwanza papasa tairi kwa ndani, taratibu, uutafute mwiba uliobaki. Usipoutoa, utaitoboa tyubu tena mbele kidogo. Tundu lisipoonekana, paka mate unapopashuku, povu litakuonyesha. Piga msasa, paka gundi, iache ikauke kidogo. Hapo ndipo wengi hufanya haraka, na kiraka hubanduka. Kisha kandamiza kwa nguvu. Unaporudisha tyubu, itie upepo kidogo isije ikabanwa na chuma.

Nani amewafundisha haya? Shule za udereva zinafundisha alama za barabarani, na ni vyema. Askari humdai mwenye gari pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Mwenye pikipiki huulizwa leseni, bima na kofia ngumu. Pampu haina mwenyewe. Wauzaji nao hutoa pikipiki mpya na vifaa vya bisibisi na spana ya plagi, ambavyo gurudumu la nyuma haviling'oi.

Msiniambie gharama. Aliyeweza kununua pikipiki kwa mamilioni hawezi kushindwa na pampu. Na msiniambie vijana wataiuza. Mmewaamini pikipiki nzima, mnaogopa nini kuwaamini pampu?

Mnaoandika mikataba ya bodaboda, wekeni kifungu: vifaa vya pancha ni juu ya mwenye chombo, na siku iliyoliwa na pancha porini ipunguziwe hesabu. Viongozi wa vijiwe, msimpokee dereva mpya kabla hajang'oa gurudumu la nyuma na kulirudisha mbele yenu. Nawe abiria unayekwenda mbali, kabla hujapanda uliza: pampu ipo? Kama haipo, usimgombeze kijana. Omba namba ya tajiri wake, umpigie hapohapo.